Tangawizi: Si yote unayokunywa inafika kwenye damu

Madaba, wilayani Songea, tangawizi ni zao la biashara. Wengine wanaichemsha, wengine wanaisaga, na siku hizi kuna hadi vidonge vya dondoo yake. Ila mnunuzi haambiwi ni kiasi gani kinafika mwilini.

Ukali wa tangawizi mbichi unatokana hasa na jinjeroli. Ikikaushwa au kupikwa, sehemu yake hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Zote mbili haziyeyuki vizuri kwenye maji. Tena zikishafyonzwa, utumbo na ini huzigeuza fasta ili zitolewe.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 27 wenye afya waliopewa dondoo, dozi ya juu ikiwa gramu 2. Hakuna aliyekutwa na jinjeroli huru kwenye damu. Iliyoonekana ilikuwa imeshageuzwa.

Ndiyo maana maabara zinajaribu kuifunga dondoo ndani ya vitone vidogo sana vya mafuta. Jikoni, maziwa au tui la nazi huyeyusha ukali huo kuliko maji matupu. Pilipili manga nayo inaweza kupunguza kasi ya ini kugeuza baadhi ya kemikali, dawa za hospitali zikiwemo, na hapo ndipo pa kuwa makini. Dondoo inayofyonzwa zaidi inaweza pia kuingiliana zaidi na dawa. Kama unatumia warfarini, ongea na daktari kabla ya kununua vidonge hivyo.