Ugonjwa Usioandikwa Hauhesabiwi

Katika toleo la 10 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 1990, kila ugonjwa umepewa alama yake. Kifua kikuu kilipewa herufi A na namba 15 hadi 19. Ile ya mwisho, A19, ni ya kifua kikuu kilichosambaa mwili mzima. Wiki hii nataka tuifuate alama hiyo, maana nyuma yake ipo habari ya watu wengi waliozikwa bila kuhesabiwa mahali panapostahili.

Tukisikia kifua kikuu, sisi wengi hufikiria mapafu na kikohozi. Lakini vijidudu vyake vikiingia katika damu huenea hadi kwenye ini, wengu, mifupa na utando wa ubongo. Mwaka 1700 daktari Jean-Jacques Manget wa Geneva alikuta katika maiti vidonda vidogo vidogo vilivyotapakaa, akavifananisha na punje za mawele. Jina la kitabibu la ugonjwa huo mpaka leo linatokana na neno la Kilatini la nafaka hiyo. Kijidudu chenyewe kilikuja kutangazwa na Robert Koch mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kujificha. Mgonjwa ana homa na anakonda, lakini huenda asikohoe sana. Makohozi yakipimwa, mara nyingi vijidudu havionekani. Akifa, huandikwa homa au nimonia, na kifua kikuu hakitajwi kabisa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Historia inatuonyesha kwamba hata kifo chenyewe huweza kufichwa. Mwaka 1662, John Graunt wa London alichapa uchunguzi wake juu ya orodha za vifo vya jiji lile. Sababu za vifo ziliandikwa kwa maneno ya wanawake wazee waliotumwa kutazama maiti. Graunt aligundua kwamba baadhi ya waliokufa kwa kaswende walitajwa kuwa wamekufa kwa kukonda, yaani ugonjwa uleule ambao siku hizi tungeuita kifua kikuu. Kisa, alisema, ni bia kidogo na hongo ya senti chache. Familia iliepuka aibu, na hesabu ya jiji ikawa ya uongo.

Karne ya 19 ilipofika, wataalamu walichoka na vurugu hiyo. Kila nchi ilikuwa na majina yake ya magonjwa, basi nani angeweza kulinganisha? Mwaka 1893 Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa jiji la Paris, alipeleka Chicago orodha moja ya sababu za vifo. Mwaka 1900 wajumbe wa nchi 26 walikutana Paris wakaikubali. Mwaka 1948 kazi ikachukuliwa na Shirika la Afya Duniani, na orodha ikaongezwa magonjwa yasiyoua pia.

Hata hivyo orodha haiwezi kumzidi anayeijaza. Tanzania tuna somo letu wenyewe. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulipoanza mwaka 1977, Dk. Karel Styblo alisisitiza jambo ambalo wengine waliliona dogo: rejista. Kila mgonjwa aandikwe wilayani, na kila robo mwaka itolewe taarifa nani amepona, nani amekufa na nani ametoroka dawa. Utaratibu huo ulichangia sana mpango ambao Shirika la Afya Duniani liliutangaza kwa dunia nzima katika miaka ya 1990.

Kisha ukaja Ukimwi, na kinga ya mwili ikiporomoka kifua kikuu husambaa kwa urahisi. Uchunguzi wa maiti uliofanywa Abidjan na kutangazwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kifua kikuu kiliongoza katika kuwaua wenye Ukimwi, na wengi wao kilikuwa kimewaenea mwilini.

Hapo ndipo hesabu inapogawanyika. Mtu mwenye virusi vya Ukimwi akifa kwa kifua kikuu, kanuni za orodha zinamhesabu upande wa Ukimwi. Kanuni hiyo ina mantiki, maana Ukimwi ndio uliofungua mlango. Lakini atakayesoma safu ya kifua kikuu peke yake ataona nusu ya msiba, na akigawa fedha na dawa kwa safu hiyo, atawapunja walio hai.

Toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022, limebadilisha alama. Tatizo halikubadilika. Katika nchi nyingi za Afrika bado watu wengi hufa bila daktari kuandika sababu, na pengine jamaa huomba iandikwe sababu isiyo na aibu, kama ilivyokuwa London ya Graunt.

Ndugu wasikilizaji, karani wa hospitali anayeuliza maswali mengi hatusumbui. Tumjibu kweli. Mstari mmoja sahihi katika daftari lake hauwezi kumfufua marehemu, lakini unaweza kumfikishia dawa mtoto aliyelala naye chumba kimoja.