Majeraha ya wanasoka: Vyanzo vyake na jinsi ya kuyazuia

WANASOKA wengi huamini kuwa ajali haina kinga, na kwamba anayeumia uwanjani amekumbwa tu na bahati mbaya. Hata hivyo, uchunguzi wa miaka mingi umebainisha kuwa sehemu kubwa ya majeraha ya kabumbu hutokana na mambo yanayojulikana mapema, ambayo mchezaji na kocha wanaweza kuyarekebisha bila gharama kubwa.

Suala hili lina uzito zaidi kwa wachezaji wa timu za mitaani na za shule, ambao wengi wao hawana daktari wa timu wala bima ya matibabu. Goti likiharibika, mchezaji wa aina hiyo hapotezi nafasi yake kikosini pekee, bali huenda akapoteza pia kibarua kinachomlisha.

Maeneo yanayoumia zaidi

Miguu ndiyo huathirika zaidi, hasa misuli ya nyuma ya paja, kinena, goti na kifundo. Katika klabu za kulipwa barani Ulaya, ambako Shirikisho la Soka la bara hilo (UEFA) limefuatilia majeraha tangu 2001, karibu theluthi moja ya majeraha yote ni ya misuli. Ufuatiliaji huo ulionyesha pia kwamba kwa kila saa anayokuwa uwanjani, mchezaji hukabiliwa na hatari zaidi ya mara sita katika mechi ikilinganishwa na mazoezini.

Vyanzo vya hatari

Chanzo kikuu ni jeraha la awali ambalo halikupona sawasawa. Mfano unaokumbukwa ni wa Ronaldo wa Brazil, aliyeumia kano ya goti akichezea Inter Milan mnamo Novemba 1999. Aliporejea Aprili 2000 katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio, alicheza dakika chache tu kabla ya goti lilo hilo kuharibika tena. Alikaa nje kwa zaidi ya mwaka mmoja, kisha akafunga mabao manane katika Kombe la Dunia la 2002. Ikiwa mchezaji aliyehudumiwa na madaktari wa klabu tajiri alipatwa na hayo, hatari ni kubwa zaidi kwa kijana anayefunga goti bendeji na kurudi uwanjani baada ya wiki moja.

Uchovu ni chanzo kingine. Katika mashindano ya shule, timu huweza kusakata mechi kadhaa kwa siku chache, na misuli isiyopata muda wa kupumzika hukatika kwa urahisi mchezaji anapotimua mbio. Uwanja mgumu wenye mashimo, viatu visivyotosha mguu na kuingia mchezoni bila kupasha misuli moto huongeza hatari hiyo.

Wasichana nao wanahitaji uangalizi wa pekee. Hatari yao ya kukatika kano ya mbele ya goti ni mara mbili hadi tatu ikilinganishwa na ya wavulana. Mara nyingi kano hiyo hukatika bila mchezaji kuguswa na mpinzani, anapogeuka ghafla au kutua vibaya baada ya kuruka.

Dakika 20 za kujikinga

Mnamo 2006, wataalamu wa Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) na wenzao wa Norway na Marekani walibuni mpango wa mazoezi uitwao FIFA 11+. Una mazoezi 15 yanayochukua dakika 20 hivi: kukimbia polepole, kuimarisha misuli na uwezo wa kusimama imara, kisha kukimbia kwa kasi. Kinachohitajika ni uwanja na mpira tu.

Utafiti uliochapishwa 2008 kuhusu wasichana 1,892 wa Norway ulionyesha kuwa waliofuata mpango huo walipunguza hatari ya majeraha kwa karibu theluthi moja, na yale mabaya kwa karibu nusu. Jijini Lagos, Nigeria, utafiti wa 2014 uliohusisha vijana 416 kutoka timu 20 ulipata upungufu wa asilimia 41. Sharti ni kuyafanya mazoezi hayo angalau mara mbili kwa wiki.

Zoezi moja kati ya hayo hulenga misuli ya nyuma ya paja. Mchezaji hupiga magoti huku mwenzake akimshika vifundo vya miguu, kisha huinamia mbele polepole akiwa amenyooka kuanzia magotini hadi kichwani, mpaka ajizuie kwa mikono. Timu zinazolizingatia hupunguza majeraha ya misuli hiyo kwa takriban nusu.

Baada ya kuumia

Kosa la kawaida ni kuchua kifundo kilichoteguka, au kukikanda kwa maji ya moto, punde tu mchezaji anapoumia. Joto na kuchua huweza kuzidisha uvimbe. Katika siku mbili au tatu za kwanza inafaa kupumzisha mguu, kuukanda kwa barafu iliyofungwa kitambaani, kuufunga bendeji isiyobana mno na kuuinua. Asiyeweza kupiga hatua nne apelekwe hospitalini akapigwe eksirei.

Aliyegongwa kichwa na kupata kizunguzungu, kichefuchefu au kusahau yaliyotokea anafaa kuondolewa uwanjani mara moja na asirejee siku hiyo. Tangu Julai 2024, sheria za soka zinaruhusu waandalizi wa mashindano kukubali mchezaji wa akiba wa ziada kwa ajili ya majeraha ya ubongo.

Kurejea uwanjani kusiamuliwe na umuhimu wa mechi inayofuata. Mchezaji yu tayari anapoweza kukimbia kwa kasi, kugeuka na kuruka bila maumivu, na mguu ulioumia ukiwa na nguvu karibu sawa na ule mwingine. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya mbele ya goti, madaktari hushauri asubiri angalau miezi tisa.