Bisante ya Shaba ya Famagusta

Famagusta, bandari ya mashariki mwa Kupro, ilitoa sarafu yake ya shaba mwaka 1570, ilipokuwa imezingirwa na jeshi la Waosmani. Sarafu hiyo iliitwa bisante, na ilibeba jina la Jamhuri ya Venisi, iliyokuwa ikimiliki kisiwa tangu mwaka 1489, malkia Caterina Cornaro alipolazimika kuachia taji lake.

Waosmani walishuka Kupro mwezi Julai 1570. Nicosia ilianguka tarehe 9 Septemba, na Famagusta ikabaki peke yake nyuma ya kuta zake nene, chini ya kamanda wake Mvenisi, Marco Antonio Bragadin. Askari walihitaji mishahara na wauzaji wa chakula walihitaji malipo, ilhali njia ya bahari ya kuletea fedha kutoka Venisi ilikuwa hatarini. Ndipo shaba ikapewa thamani ya fedha. Kisiwa kilijulikana kwa madini hayo tangu kale, hata Walatini wakaiita shaba cuprum kwa jina lake.

Jina bisante lilitoka mbali zaidi: asili yake ni sarafu ya dhahabu ya Bizanti. Sasa lilipigwa kwenye kipande cha shaba ambacho, kwa uzito wake, hakikufikia thamani iliyoandikwa juu yake. Kilichokipa nguvu ni ahadi, na ahadi hiyo iliandikwa wazi. Upande mmoja yupo simba mwenye mabawa wa Mtakatifu Marko, nembo ya Venisi, akizungukwa na maneno ya Kilatini yanayosema kuwa sarafu ni kwa ajili ya ulinzi wa ufalme wa Kupro. Upande wa pili unatangaza kwamba fides ya Wavenisi haivunjiki. Neno fides hubeba maana mbili kwa pamoja, uaminifu wa mtu na amana ya mdaiwa. Ni vigumu kupata neno lililofaa zaidi kwa sarafu ya namna hii.

Mnamo Januari 1571 merikebu za Venisi chini ya Marco Querini zilipenya na kuleta askari na mahitaji, lakini msaada mkubwa haukufika. Baruti ilipokaribia kwisha, mji ulisalimu amri mwanzoni mwa Agosti. Masharti ya kusalimu yalivunjika ndani ya siku chache, na tarehe 17 Agosti Bragadin akachunwa ngozi akiwa hai. Mwaka 1573 Venisi ilitia saini mkataba wa kuiachia Dola ya Osmani kisiwa chote.