Tumfukuze Kocha? Historia Inasema Nini

Msimu huu mjadala wa kila Jumatatu katika ukumbi wa chakula ni ule ule: kocha mkuu wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani afungashiwe virago au aachwe? Timu imefungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Watu wanaondoka uwanjani kabla ya robo ya nne. Waraka wa kutaka kocha aondolewe unazungushwa mabwenini kukusanya sahihi, na wiki tatu zilizopita ulifika mezani kwetu, katika mkutano wa chama chetu cha Kiswahili. Baadhi yetu tayari tulikuwa tumeshika kalamu. Mwenzetu mmoja, ambaye anachezea timu hiyo, alikuwa kimya muda mrefu, kisha akauliza: "Mkishamfukuza, nani anakuja?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukakubaliana tuahirishe sahihi na kwanza tusome historia. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

Kwa ndugu zetu mnaosoma jarida hili mkiwa mmezoea Simba na Yanga au Gor Mahia na AFC Leopards, kuna jambo moja la kueleza kwanza. Klabu ya soka ikimtimua kocha, kocha mpya anaweza kununua wachezaji. Katika vyuo vya Marekani, kwa miaka mingi kocha alijenga timu yake kwa kutembelea shule za sekondari, kukaa sebuleni na wazazi, na kuwaahidi kwamba atamlea kijana wao kwa miaka minne. Kwa hiyo kocha mpya alirithi vijana waliochaguliwa na mtu mwingine, kwa mchezo wa mtindo mwingine. Ili apate timu yake mwenyewe alihitaji miaka mitatu au minne. Kumfukuza kocha kulikuwa ni kuanza kuhesabu upya.

Tuanze na mfano ambao wanaotaka kocha aende wanaupenda, nao wana haki ya kuupenda. Chuo Kikuu cha Nebraska, mjini Lincoln, kilikuwa na timu dhaifu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kocha Bill Jennings alikaa misimu mitano, 1957 hadi 1961, na hakupata hata msimu mmoja wa kushinda zaidi ya kufungwa. Akaondolewa. Mwaka 1962 akaja Bob Devaney, na katika msimu wake wa kwanza timu ilishinda mara 9 na kufungwa mara 2, ikiwa na wachezaji wengi wale wale. Mwaka huo huo tiketi za uwanja wao zilianza kuisha kila mechi. Devaney akaleta ubingwa wa taifa mwaka 1970 na tena 1971. Hapo kubadilisha kocha kulikuwa dawa.

Lakini chuo hicho hicho kina sura ya pili. Devaney alimwachia kazi msaidizi wake, Tom Osborne, mwaka 1973. Osborne alikuwa akishinda kila msimu, ila ubingwa wa taifa haukuja hadi 1994, msimu wake wa 22. Miaka ya kwanza alifungwa mfululizo na mahasimu wao wakubwa, Oklahoma, na watu walinung'unika. Chuo kilimvumilia. Alipostaafu baada ya msimu wa 1997 alikuwa na ushindi 255 na mataji matatu ya taifa.

Baada yake akapandishwa Frank Solich, aliyewahi kuichezea Nebraska na kuwa msaidizi kwa miaka mingi. Alitwaa ubingwa wa ligi yao mwaka 1999, na msimu wa 2001 alifika fainali ya taifa, akafungwa na Miami. Mwaka 2002 timu ikashinda 7 na kufungwa 7. Mwaka 2003 alibadilisha wasaidizi wake, akashinda 9 na kufungwa 3. Hata hivyo, mwisho wa Novemba mwaka huo, mkurugenzi wa michezo, Steve Pederson, akamfukuza. Hoja yake ilikuwa kwamba hatakubali Nebraska iwe timu ya wastani.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nebraska waliacha mbachao. Kocha mpya, Bill Callahan, aliyetoka katika ligi ya kulipwa ya NFL, alibadilisha mtindo mzima wa uchezaji. Mwaka 2004 timu ilishinda 5 na kufungwa 6, msimu wake wa kwanza wa hasara tangu 1961. Mwaka 2007 Pederson mwenyewe alifukuzwa katikati ya msimu, na Callahan akamfuata ulipokwisha. Akaja Bo Pelini, ambaye kila msimu kamili alishinda mechi 9 au 10. Naye akafukuzwa mwaka 2014 kwa sababu 9 hazitoshi. Akaja Mike Riley, misimu mitatu, ushindi 19 na kufungwa 19. Akaja Scott Frost, shujaa wa timu ya ubingwa ya 1997, na watu wakaamini kwamba mtoto wa nyumbani ataponya nyumba. Alishinda 16 na kufungwa 31.

Namna Frost alivyoondolewa inafaa kukumbukwa na kila anayeshika kalamu kutia sahihi. Alifukuzwa tarehe 11 Septemba 2022, siku moja baada ya kufungwa nyumbani na Georgia Southern. Mkataba ulisema akiondolewa wakati huo alipwe takriban dola milioni 15. Wangesubiri hadi tarehe 1 Oktoba, wangelipa takriban nusu yake. Wiki tatu za subira zilikuwa na thamani ya dola milioni 7 na zaidi. Ubingwa wa mwisho wa ligi ambao Nebraska wameupata mpaka leo ni ule wa 1999, wa Solich.

Na Solich mwenyewe? Kuanzia msimu wa 2005 alifundisha Chuo Kikuu cha Ohio, katika mji mdogo wa Athens, chuo ambacho baadhi ya wasomaji wetu wanakijua kwa sababu kinafundisha Kiswahili. Timu yake ilikuwa haijacheza mechi ya mwaliko ya mwisho wa msimu tangu 1968. Aliifikisha huko mwaka 2006, akaishindia mechi ya namna hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 2011, na akaondoka na ushindi 115.

Sasa tuvuke hadi Virginia Tech. Frank Beamer alirudi kufundisha chuo alichosoma, na msimu wake wa kwanza ulikuwa 1987. Alirithi timu iliyoadhibiwa na NCAA kwa makosa ya uongozi uliotangulia, ikapunguziwa nafasi za ufadhili wa wachezaji. Katika misimu sita ya kwanza alishinda 24, akafungwa 40, sare 2. Mwaka 1992 alishinda mechi 2 tu kati ya 11. Kama kungekuwa na waraka wa sahihi mezani siku ile, tunakiri kwamba wengi wetu tungetia sahihi. Mkurugenzi wa michezo, Dave Braine, hakumfukuza. Lakini hakumwacha hivi hivi: Beamer alibadilisha baadhi ya makocha wasaidizi. Mwaka 1993 timu ikashinda 9. Mwaka 1995 ikaifunga Texas katika Sugar Bowl. Msimu wa 1999 ikafika fainali ya taifa. Kutoka 1993 hadi alipostaafu 2015, timu yake haikukosa mechi ya mwaliko hata mwaka mmoja, miaka 23 mfululizo.

Tuliposoma hayo katika kikao, upande wa pili ulitujibu kwa jina moja: Indiana. Mwaka 2023 Indiana walishinda 3, wakafungwa 9, wakamwondoa Tom Allen. Akaja Curt Cignetti, na mwaka 2024 wakashinda 11, wakafungwa 2. Hoja hii ina uzito. Tangu 2021 wachezaji wanaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, na Cignetti alikuja na wachezaji kadhaa kutoka chuo alichotoka. Ile miaka minne ya kusubiri imefupika. Lakini mlango huo una pande mbili: kocha akiondoka, wachezaji wazuri pia wanaondoka.

Mifano ni mifano, na kila mtu huchagua unaomfaa. Kwa bahati kuna waliohesabu. Wataalamu watatu wa sayansi ya siasa, Adler, Berry na Doherty, walilinganisha timu za vyuo zilizobadilisha kocha na timu zenye matokeo kama hayo zisizobadilisha, kuanzia 1997. Katika utafiti wao uliochapishwa 2013 walikuta kwamba timu zilizokuwa mbovu sana hazikupata nafuu ya kudumu kwa kumfukuza kocha. Timu za wastani zilizofukuza kocha zilifanya vibaya zaidi kuliko zile zilizovumilia. Nebraska ya 2003 ni kundi hili la pili.

Basi tuliona nini? Kwanza, Jennings aliondoka baada ya miaka mitano bila dalili ya kupanda, na aliyekuja alikuwa bora. Yote mawili yanahitajika. Pili, Beamer alipewa muda pamoja na masharti. Uvumilivu bila masharti ni uzembe tu. Tatu, wanaofukuza kocha mara nyingi siyo wanaolipa. Katika chuo chetu sehemu ya ada tunayolipa kila muhula inakwenda kwenye michezo. Wazazi wetu, ambao baadhi yao wanafanya kazi mbili, wanailipa bila kujua jina la kocha.

Kocha wetu yupo msimu wa tatu. Bado tunaamini ana makosa, hasa katika safu ya ulinzi. Lakini hatukutia sahihi. Badala yake tumeiandikia ofisi ya michezo barua yenye maswali matatu: mkataba unadai alipwe kiasi gani akiondolewa mwaka huu na kiasi gani mwakani, fedha hizo zitatoka wapi, na ni mabadiliko gani ya wasaidizi yametakiwa kwake. Barua iliandikwa na wote, pamoja na wale waliotaka aende. Wawili kati yetu bado wanataka aende, nao wamesema wakipata majibu mabaya wataurudisha ule waraka mezani. Hiyo ni haki yao.

Mwenzetu anayecheza aliisoma barua mara mbili, akasahihisha neno moja la Kiswahili katika rasimu yetu, kisha akaenda mazoezini.