Marekani: Jinsi majimbo yalivyolazimisha shule kufunza matumizi ya fedha

KATIBA ya Marekani haitaji elimu popote. Kwa sababu hiyo, mamlaka ya kuamua masomo ya lazima katika shule za umma yamo mikononi mwa majimbo 50, kila moja likiwa na bunge na gavana wake. Serikali kuu iliunda tume ya elimu ya fedha kupitia sheria ya mwaka wa 2003, lakini tume hiyo haina uwezo wa kuamuru shule za jimbo lolote zifunze nini.

Ndiyo maana suala la iwapo kijana afunzwe matumizi ya fedha kabla ya kumaliza shule ya upili limejadiliwa jimbo baada ya jimbo, na matokeo yake hayafanani.

Wanaounga mkono sheria hizi hutaja umri wa miaka 18. Katika umri huo kijana wa Marekani, katika majimbo mengi, anaweza kutia saini mkataba unaomfunga kisheria. Wengi huanza kwa mkopo wa kulipia karo ya chuo kikuu, ambao huenda wakaulipa kwa miaka mingi. Wengine huangukia mikopo ya muda mfupi inayotolewa kwa kutegemea mshahara ujao. Katika mikopo hiyo, ada ya dola 15 kwa kila dola 100 zilizokopwa kwa wiki mbili ni jambo la kawaida. Kwa hesabu ya mwaka mzima, hiyo ni riba ya karibu asilimia 390.

Kila deni linaloripotiwa huingia katika rekodi za kampuni zinazofuatilia wakopaji, mfano wa zile ambazo Wakenya huziita CRB. Mkopaji hupewa alama, kwa kawaida kati ya 300 na 850. Mwenye alama za chini hutozwa riba ya juu zaidi, na huenda akanyimwa nyumba ya kupanga.

Tofauti za sheria

Si kila sheria ya elimu ya fedha ina uzito sawa. Zipo zinazoagiza mada hizo ziguswe ndani ya somo jingine, kama vile uchumi au hisabati. Zipo zinazozitaka shule ziwe na somo hilo, huku mwanafunzi akiachiwa hiari ya kulichagua. Na zipo zinazosema kwamba asiyelisoma hatahitimu.

Jimbo la Florida linaonyesha wazi tofauti hiyo. Seneta Dorothy Hukill alipigania somo hili katika bunge la jimbo kwa miaka kadhaa, lakini akafariki mnamo Oktoba 2018 kabla ya kufanikiwa. Mwaka wa 2019 bunge lilipitisha sheria iliyozitaka shule kutoa somo hilo kwa hiari. Mwezi Machi 2022, Gavana Ron DeSantis alitia saini sheria yenye jina la seneta huyo, iliyolifanya kuwa la lazima. Wanafunzi walioingia darasa la tisa katika mwaka wa masomo wa 2023-24 ndio wa kwanza kufungwa na sheria hiyo. Wanasoma, miongoni mwa mengine, akaunti za benki, bajeti, mikopo, kodi na bima.

Utah ilikuwa imetangulia kitambo. Jimbo hilo lilianza kudai somo la muhula mmoja kwa waliohitimu mwaka wa 2008. Mwaka wa 2014 liliongeza mtihani wa pamoja wa mwisho wa somo, pamoja na masharti kuhusu ujuzi wa walimu wanaolifunza.

California ilichelewa zaidi. Mnamo 2024 wanaharakati walikuwa wakikusanya saini ili wapiga kura waamue suala hilo wenyewe, lakini waliondoa pendekezo lao baada ya bunge kupitisha mswada. Gavana Gavin Newsom aliutia saini mwezi Juni mwaka huo. Shule za upili za jimbo hilo zimepewa hadi mwaka wa masomo wa 2027-28 kuanza kulitoa somo hilo, nalo litakuwa sharti la kuhitimu kwa darasa la 2030-31.

Kwa mujibu wa Baraza la Elimu ya Uchumi la nchi hiyo, majimbo yaliyodai somo la fedha ili mwanafunzi ahitimu yalikuwa 23 mwaka wa 2022, na kufikia 2024 yalikuwa 35. Idadi hiyo, hata hivyo, inajumuisha majimbo ambako mada hizo zimewekwa ndani ya somo jingine.

Je, zinasaidia?

Watafiti hawajakubaliana kikamilifu. Kati ya 1957 na 1985, majimbo 29 yalikuwa tayari yamepitisha sheria za kuwafunza wanafunzi mambo ya matumizi na ununuzi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2001 ulidai kwamba waliosoma chini ya baadhi ya sheria hizo waliweka akiba kubwa zaidi ukubwani. Mwaka wa 2016, watafiti wengine walichunguza sheria za kipindi hicho wakasema hazikuleta tofauti yoyote, na kwamba kuongeza masomo ya hisabati ndiko kulikosaidia.

Sheria za baadaye zimepata ushahidi bora. Ripoti ya mwaka wa 2015 kuhusu Georgia, Idaho na Texas ililinganisha vijana wa majimbo hayo na wenzao wa majimbo yasiyo na sheria kama hizo. Waliofunzwa walikuwa na alama bora za mikopo na walichelewa kulipa madeni kwa nadra zaidi. Aidha, manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa wale waliofuata baadaye kuliko kwa kundi la kwanza, jambo linaloashiria kuwa shule na walimu huhitaji muda kulizoea somo.

Wakosoaji wana hoja mbili nzito. Kwanza, ratiba ya shule imejaa, na kila somo jipya huondoa jingine. Huko California, kwa mfano, anayesoma matumizi ya fedha anaweza kusamehewa somo la uchumi. Pili, bajeti haiongezi mshahara. Anayekopa kwa riba ya asilimia 390 ili alipe kodi ya nyumba huenda anaijua hesabu hiyo vyema, ila hana pengine pa kwenda. Kwa sababu hiyo, baadhi ya majimbo yameweka pia kikomo cha riba.

Hata hivyo, kumwachia mwanafunzi hiari kuna kasoro yake. Somo la hiari hufunzwa pale penye mwalimu na nafasi, na shule za maeneo maskini mara nyingi hukosa vyote viwili. Mtoto wa tajiri atasikia habari za hisa na riba mezani kwao. Asiyezisikia nyumbani hubaki na shule pekee, na sheria ya lazima humhakikishia angalau muhula mmoja wa kujua anachotia saini.