Milima ya Masisi na Msitu wa Walikale

Msafiri atokaye Goma, akiisha kupita Sake, mara huanza kupanda. Huku na huku aona vilima vya majani mafupi, na ng'ombe wakilisha. Wageni husema nchi hii yafanana na Uswisi. Lakini, msomaji mpenzi, majani hayo si ya zamani. Mababu wa Wahunde hawakuyaona. Palipo malisho leo palikuwa na msitu mnene, na juu zaidi mianzi. Humo walikaa tembo, nyati na gorila, ambaye watu wa milimani humwita ngagi. Watwa waliwinda humo.

Msitu huo ulikatwaje? Huko Rwanda watu walikuwa wengi, na njaa ya mwaka 1928 na 1929 iliwaua wengi. Huku Kivu walowezi wa Kizungu walitaka watu wa kazi katika mashamba yao ya kahawa, chai na pareto. Basi mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilianza kuwahamisha Wanyarwanda, na hata mwaka 1955 ilikuwa imewaleta watu wapatao 85,000. Wengi waliwekwa Gishari, wakapewa mkuu wao wenyewe. Utawala huo ulifutwa mwaka 1957.

Hapo ndipo ugomvi ulipopandwa. Kwa desturi ya Wahunde ardhi haiuzwi. Atakaye kulima humwendea mwami, naye hutoa mutulo, yaani zawadi ya kumkiri mwenye nchi. Wageni waliambiwa na serikali kwamba shamba ni lao, nao wakalisafisha kwa jasho lao. Mmoja aliona amenyang'anywa, mwingine aliona amepewa kwa haki. Mimi siwezi kumlaumu mkulima aliyeshika shoka. Aliyechora ramani ofisini ndiye aliyepaswa kuuliza kwanza. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi yote. Mwezi wa Mei 1996 waliuawa mamia ya watu waliokimbilia monasteri ya Mokoto, ambayo Watrapisti waliianzisha mwaka 1954 karibu na maziwa ya huko. Ng'ombe nao walichinjwa au kuswagwa. Hata hivyo jibini ya Masisi ingali inauzwa Goma, na ni tamu kweli.

Ukishuka magharibi pamoja na mito ya Oso na Lowa, ambayo maji yake huishia Lualaba, hewa hugeuka kuwa ya joto na msitu hukufunika. Hapa ni kwa Wanyanga, watu wa migomba, wa nyavu na mbwa wa kuwinda. Mwaka 1956 mzee wao mmoja, Candi Rureke, alisimulia na kuimba kwa siku nyingi habari za shujaa Mwindo mbele ya Daniel Biebuyck, naye huyo pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, wakazitoa katika kitabu mwaka 1969. Mwindo ashuka kuzimu na kupaa mbinguni; na huko juu apewa agizo la ajabu kwa mtoto wa wawindaji: asiue tena mnyama, wa mwituni wala wa nyumbani.

Tena msitu huu una tausi wake. Mmarekani James Chapin aliona unyoya mmoja katika kofia huko Ituri, mwaka 1913. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa, na kibandiko chasema ni tausi wachanga wa India! Wataalamu walidhani Afrika haina tausi. Wenye kofia walijua tangu zamani.

Na ngagi? Yule wa huku, aitwaye gorila wa Grauer, hapatikani popote ila mashariki ya Kongo. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilifanywa mwaka 1970, na mwaka 1975 ikapanuliwa hata msitu wa Walikale. Kisha vikaja vita, na wachimbaji wa bati na koltani wenye kula nyama ya mwituni. Miaka ya 1990 walikadiriwa gorila 17,000 hivi. Mwaka 2016 ilisemwa wamebaki 3,800. Mwaka 2021 makadirio mapya yalitaja 6,800. Si kwamba walizaana upesi hivyo, bali wahesabuji waliweza kuingia sehemu za msitu ambazo vita vilikuwa vimezifunga.