Kamusi Iliyotoka Mikononi mwa Wanafunzi

Katika Uingereza ya karne ya 16, kijana aliyetaka kuwa kasisi, mwanasheria au mtumishi wa malkia hakuweza kukikwepa Kilatini. Kifaransa nacho alikihitaji: wanasheria wa London walikuwa bado wanaandika kumbukumbu za kesi kwa Kifaransa chao cha kale, na wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa walikuwa wakifungua shule mjini.

Mmoja wa Waprotestanti hao, Jean Véron, alitoa kamusi ya lugha tatu mwaka 1552. Aliichukua kamusi ya watoto ya Robert Estienne, mpiga chapa mashuhuri wa Paris, akaongeza Kiingereza. Lakini ilianza na Kilatini. Mwanafunzi aliyejua neno la kwao tu hakuwa na pa kuingilia.

John Baret, mwalimu wa Cambridge, aliugeuza mpangilio huo. Kila siku aliwapa wanafunzi wake kazi ya kutafsiri Kiingereza kwa Kilatini, kisha akawataka waandike kila walichokipata chini ya vichwa vya maneno ya Kiingereza. Kurasa zikajaa. Baada ya mwaka mmoja au miwili wakawa na kitabu kinene, naye Baret, alipoona vijana wanavyohangaika huku na huko kukusanya maneno, akakiita mzinga wa nyuki. Ni jina la haki, kwa sababu linawapa wanafunzi sifa yao.

Kitabu hicho, *Alvearie*, yaani mzinga wa nyuki, kilichapishwa London na Henry Denham karibu na mwaka 1574: Kiingereza kwanza, Kilatini, kisha Kifaransa. Mwishoni palikuwa na faharasa mbili, ya Kilatini na ya Kifaransa, hivyo msomaji aliweza kuingia kwa lugha yoyote kati ya hizo tatu. Hapo ndipo ubora wake ulipo. Toleo la 1580 liliongeza Kigiriki na methali, lakini Baret alikuwa ameshafariki.

Mwaka 2014, wauza vitabu wawili wa New York walidai kwamba nakala ya toleo hilo, waliyoinunua kwenye mnada wa eBay kwa dola 4,050, ilikuwa ya William Shakespeare. Wataalamu wa maktaba ya Folger mjini Washington walilipokea dai hilo kwa tahadhari. Mwenye nakala hiyo, awaye yote, aliitumia sana: alipigia maneno mistari, akaongeza mengine pembeni, na kwenye karatasi tupu ya mwisho akachanganya Kifaransa na Kiingereza kwa mkono wake.